Bibi Hakuwa Mnene

"Huyu si mama," shangazi alisema, akaweka kikombe cha chai mezani. "Mama hakuwa mnene hivi."

Tulikuwa sebuleni kwangu, Nzuguni, Dodoma, Jumapili jioni, watu saba na sinia moja la karanga za kukaanga, tukitazama harusi ya binti yake iliyofungwa Agosti 2003. Studio moja ya hapa mjini ilikuwa imeuhamisha mkanda wa kamera ukawa faili kwenye flashi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyelipa, nilikaa karibu na televisheni kama mwenye shughuli. Kwenye kioo alikuwapo bibi, mama yao shangazi na baba yangu, amesimama mbele ya tembe lake kule Kongwa, ameinua mkono wa kulia na kusema maneno ambayo hatukuyasikia kwa sababu wimbo wa kinanda ulikuwa umewekwa juu yake. Mabega yake yalikuwa mapana kama ya mpagazi.

Nilimjibu shangazi kwamba kamera za zamani ziliwanenepesha watu. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Nilikuwa sijui.

Theluthi ya mwili

Neno la shangazi lilinikaa kichwani wiki tatu. Bibi alifariki mwaka 2009, na katika ukoo wetu hakuna picha yake nyingine inayotembea. Watoto wangu wakimjua, watamjua kwa mkanda ule. Usiku mmoja nililifungua faili kwenye kompyuta, nikapima. Kamera za miaka ile zilichukua picha yenye uwiano wa 4 kwa 3, ilhali televisheni za sasa ni 16 kwa 9. Mtu wa studio aliona nafasi nyeusi pembeni, akaivuta picha mpaka ikajaza kioo, na kwa hesabu rahisi kila kilichomo kiliongezeka upana kwa theluthi moja huku urefu ukibaki ule ule. Bibi, ambaye mifupa ya mabega yake ilijichora juu ya khanga, aliongezewa theluthi ya mwili kwa kitufe kimoja.

Nilipoliona hilo, mengine yakaanza kujitokeza yenyewe. Kila mkono uliokwenda kwa kasi ulikuwa na mistari ya mlalo pembeni, kama meno ya chanuo. Vumbi la uwanjani, ambalo mtu wa huku hulitambua hata kwa rangi, lilikuwa limegeuka vibonge vya mraba. Saa nzima ya harusi ilikuwa imebanwa ndani ya megabaiti 600.

Na sauti haikuwapo kabisa.

Nilirudi studio. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, akanieleza bila kusita kwamba sauti ya mkanda ilikuwa na upepo na kelele nyingi, hivyo waliitoa na kuweka muziki, kama wanavyowafanyia wateja wote, na wateja hufurahi. Nikamwomba faili la awali, lile la kabla ya muziki. Lilikwisha kufutwa. Mkanda wenyewe walikuwa wamenirudishia siku ya kwanza, na nikiwa pale kaunta nilikumbuka kwamba upo nyumbani, ndani ya droo, haujapungua kitu.

Baadaye nilisoma jambo lililonichoma zaidi. Katika mikanda ya milimita 8, sauti ya kawaida huandikwa na vichwa vile vile vinavyozunguka, yaani visumaku vidogo vinavyoandika na kusoma mkanda, ndani ya mstari ule ule unaobeba picha. Baba mdogo, aliyeishika kamera siku ile, hangeweza kuifuta sauti ya mama yake kwenye mkanda akaiacha picha, hata kama angetaka. Vilikuwa kitu kimoja. Ilihitaji kompyuta kuvitenganisha.

Mkanda ambao hutaulilia

Mikanda yote ilikuwa 11, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha baba mdogo: 7 ya milimita 8, na 4 midogo zaidi ya MiniDV. Wanaoishi Tanga au Dar es Salaam hupambana na ukungu unaoota juu ya mkanda. Hewa yetu kavu imetuepusha na balaa hilo, lakini imetupa vumbi, na vumbi hukwangua. Kila kasha nililofungua lilikuwa na unga mwekundu kwenye pembe.

Kamera iliyorekodi haikuwa na msaada. Inawaka, inaumeza mkanda, inafikiri kidogo, inautema. "Hiyo ilistaafu kabla yangu," baba mdogo aliniambia, na hakutaka niihangaikie.

Nilichohitaji ni kamera ya Digital8, aina ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1999. Hutumia mikanda ile ile ya milimita 8 lakini huandika kidijiti, na baadhi ya modeli zake (si zote, kwa hiyo hakikisha kabla ya kulipa) husoma pia mikanda ya zamani ya Video8 na Hi8, yaani ile ya milimita 8 isiyo ya kidijiti, na kuitoa ikiwa tayari ni ya kidijiti. Niliulizia kwa mafundi mpaka nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Mpwapwa aliyekuwa akipiga video za harusi na vipaimara kabla simu za mkononi hazijamtoa kazini. Siku hizi anauza mbao. Nilimwamkia, tukakaa, tukazungumza habari za mvua na bei ya alizeti, na karibu saa nzima ilipita kabla hajaitoa kamera yake ndani ya foronya.

"Mkanda wa bibi yako umeuleta?"

"Nimeuleta, mzee wangu."

"Urudishe mfukoni. Anza na mkanda ambao ukiliwa hutaulilia."

Tulianza na mkutano wa ushirika wa mwaka 2000, ambao hadi leo sijui baba mdogo aliurekodi kwa nini. Mzee alinionyesha kwanza kusogeza kile kijisahani cha kuzuia kurekodi, ili kidole kikikosea kisifute kilichomo. Kisha mkanda ukapelekwa mbele mpaka mwisho na kurudishwa mwanzo bila kutazamwa, kwa sababu uliolala miaka 20 huwa umejikaza vibaya kwenye gurudumu lake na ukianza kuuchezesha hapo hapo utavutika. Halafu vichwa. Alichovya kipande cha ngozi laini kwenye alkoholi ya isopropili, akakigusisha kwenye silinda inayovibeba bila kukandamiza, akaizungusha silinda yenyewe taratibu kwa kidole. Pamba alinikataza, kwa sababu huacha nyuzi. Kusugua juu na chini alinikataza kwa ukali kidogo: kichwa kile ni kidogo kuliko chembe ya mchele, na ukikipitia kwa wima unaking'oa.

Mkutano wa ushirika ulionekana vizuri sana. Mwenyekiti alizungumza dakika 40.

Kamera alinikopesha kwa miezi miwili. Hakutaka fedha; alichotaka ni kwamba, kama katika mikanda yetu mtaonekana soko la Mpwapwa la zamani, apate nakala.

Waya mwembamba

Kwa muda mrefu nilidhani waya ni waya. Studio ilitumia ule wa njano unaojulikana na kila aliyewahi kumiliki deki, ambamo mwangaza na rangi hupita pamoja katika uzi mmoja na kuchanganyika njiani, ndiyo maana ukingo wa khanga nyekundu huonekana ukicheza vidoti. Waya wa S-Video huvitenganisha viwili hivyo, na tofauti huonekana kwa macho. FireWire, waya wa kuunganisha kamera na kompyuta, ni kitu kingine kabisa, kwa sababu haubebi picha bali namba. Kwa mikanda yetu 4 ya MiniDV, picha ilikuwa namba tangu siku iliporekodiwa, kwa hiyo kuihamisha kwa FireWire ni kunakili tu, bila kupoteza kitu. Kuipitisha kwenye waya wa njano ni sawa na kumsomea mtu barua kwa simu ili aiandike upya, wakati ungeweza kumpa barua yenyewe mkononi. Mikanda hiyo nayo, nasikitika kusema, ilikuwa imepita kwenye waya wa njano.

Kwa mikanda ya zamani zaidi, kamera ya Digital8 ndiyo inayogeuza picha kuwa namba, na humo ndani hufanya kazi nyingine ambayo sikuitarajia. Mkanda uliochakaa haupiti kwa mwendo ulio sawa. Mistari ya picha hufika mingine imewahi na mingine imechelewa, na nguzo iliyosimama wima huonekana ikitetemeka kama iliyo nyuma ya moshi. Kwenye menyu kuna kinyoosha mistari kinachoitwa TBC, nacho nilikiacha kikiwa kimewashwa. Jirani yake, DNR, anayepunguza chenga, nilimzima baada ya kuona anaacha kivuli nyuma ya kila mkono unaopita.

Tatizo ni kwamba tundu la FireWire halipo tena kwenye kompyuta mpya, na Apple imeondoa kabisa uwezo huo katika macOS 26, mfumo wa kompyuta zake uliotoka mwaka 2025. Nilifufua kompyuta ya mezani yenye Windows XP, ambayo sithubutu kuiunganisha na intaneti, nikaipachika kadi ya FireWire na programu ndogo ya bure iitwayo WinDV, ambayo uzuri wake ni kwamba huhesabu fremu, yaani picha moja moja za video, zilizodondoka njiani na kukuonyesha idadi yake bila kuficha. Saa moja ya mkanda huchukua takriban gigabaiti 13. Kazi huenda kwa saa ya ukutani: mkanda wa dakika 60 ni dakika 60, na hakuna njia ya mkato. Diski ya nje niliyonunua ilikataa kupokea faili la kwanza, nami nikailaumu diski siku nzima kabla ya kugundua kwamba ilikuwa imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalozidi gigabaiti 4, yaani chini ya dakika 20 za video ya aina hii. Kuipanga upya kwa NTFS kulichukua dakika mbili.

Hapo nilipatwa na shaka ambayo sijaimaliza hadi leo. Wapo wataalamu wanaosema kwamba DV, yaani namna ya kidijiti ambayo kamera hizi huandikia picha, nayo hubana picha, karibu tano kwa moja, na kwamba anayejali angetoa picha kwa S-Video na kuihifadhi bila kuipunguza hata kidogo, kwa zaidi ya mara mbili ya nafasi ya diski. Wana haki. Lakini Video8 yenyewe ina takriban mistari 240 tu ya undani, na nilipokaza macho sikuona DV ikikipoteza kilichokuwamo. Zaidi ya hapo, mota ya kamera niliyoazimwa ilikuwa inazunguka siku ile. Kusubiri vifaa bora kulikuwa na bei yake, na sikutaka kuilipa.

Mikono ya muheme

Mkanda wa harusi niliuweka Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, umeme ukiwa haujaanza michezo yake. Programu ilihesabu fremu zaidi ya 89,000 na kudondosha sifuri.

Sehemu niliyoitafuta kwanza ni ile ya wanawake wakipiga muheme uwanjani, ngoma zimebanwa mapajani, mikono ikishuka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuihesabu. Huko ndiko meno ya chanuo yalikokuwa mabaya zaidi katika faili la studio, na sasa nilikuwa najua sababu yake. Kamera za mfumo wa PAL, uliotumika kwetu, hurekodi picha 25 kwa sekunde, lakini kila moja ni nusu mbili zilizosukwa pamoja: mistari ya shufwa ya wakati huu na mistari ya witiri ya kitambo kidogo baadaye. Televisheni za zamani zenye mgongo zilizionyesha nusu hizo moja baada ya nyingine, kwa hiyo mtazamaji alipata vipindi 50 vya mwendo kwa sekunde. Kioo cha kisasa huzionyesha kwa pamoja, na mkono uliosogea kati ya nusu ya kwanza na ya pili hujikuta sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Dawa yake ni programu inayoikamilisha kila nusu kuwa picha nzima, ili upate fremu 50. Wengi hutengeneza 25 na kutupa nusu ya mwendo, ili faili liwe dogo. Nilichagua 50, nikabonyeza, nikatazama.

Mikono ya wale mama ilikuwa inashuka, inaruka juu kidogo, inashuka tena.

Nilirudia mara nne. Nililaumu mkanda, nikailaumu kamera ya mzee, nikajilaumu mwenyewe kwa kudhani kazi hii ni ya mtu kama mimi. Jioni ya pili ndipo nilipoelewa kwamba programu ilidhani nusu ya juu ndiyo inayotangulia, ilhali katika DV inayotangulia ni ya chini. Kila jozi ilikuwa imeonyeshwa kinyume, kama mtu anayepiga hatua mbili mbele na moja nyuma. Nilibadilisha chaguo hilo moja.

Sijui niandikeje kilichofuata. Mikono ilishuka. Vumbi lilipanda kutoka kwenye miguu yao kama vumbi, si kama vibonge, na shanga za mama wa katikati zilianza kurukaruka nyuma kidogo ya mapigo, kama shanga zinavyofanya. Pembeni, bibi alikuwa amerudi kwenye wembamba wake, mabega yake yale yale ya kuning'iniza khanga, kwa sababu safari hii niliiambia programu kwamba picha ya pikseli 720 kwa 576 ionyeshwe kwa uwiano wa 4 kwa 3, na pembeni pabaki peusi.

Meno ambayo hakuwa nayo

Mpwa wangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, aliliona faili hilo na kunihurumia.

"Mjomba, hii unaiacha hivi hivi? Kuna akili bandia inaisafisha mpaka inakuwa kama imepigwa jana."

Nilimpa dakika moja ya picha ya bibi, na sikumpa kwa kumjaribu, nilitaka kweli. Alichorudisha kilikuwa cha kustaajabisha, kikali, kila uzi wa khanga ukihesabika. Nilikitazama mara mbili nikakipenda. Mara ya tatu nilisimamisha picha bibi akiwa amefungua mdomo. Bibi alikuwa na pengo la meno mawili ya mbele ya chini, na alikuwa na alama ndogo ya mviringo kwenye paji la uso, kama wazee wengi wa Kigogo wa rika lake. Programu ilimpa meno. Alama ikawa kivuli cha kitambaa, na kwenye fremu nyingine haikuwapo kabisa.

Studio ilikuwa imemnenepesha kwa kutojali. Huyu alikuwa amempendezesha kwa kujali mno, na nilipowaweka wawili hao kwenye kioo kimoja, bibi wa studio na bibi wa akili bandia, hakuna aliyenisalimu.

Sikuichukia teknolojia hiyo, na siku moja huenda nikaitumia kwa mwenyekiti wa ushirika. Lakini nilimwambia mpwa wangu kwamba faili la DV lililotoka kwenye waya lisiguswe na mtu: lisinolewe, lisikatwe hata ule mstari wa chenga ulio chini kabisa ya picha, ambao ni kawaida ya mikanda hii. Sasa lipo kwenye diski mbili, moja kwangu na moja Kongwa. Ya kutazama na kutumiana ni nakala, nayo mtu aipake rangi anayotaka.

Kilichosemwa

Sauti niliiacha ya mwisho. Nilikuwa naiogopa, nadhani.

Inabidi nieleze kwamba faili la studio lilikuwa limekwisha kusambaa. Binamu yangu, bibi harusi mwenyewe, anayeishi Mwanza, alilia alipoliona. Alikata kile kipande cha bibi akiinua mkono huku kinanda kikilia, akakiweka kwenye kundi la ukoo na maneno mawili, "Baraka za bibi". Watu wakaitikia amina. Na kweli ukiutazama mkono ule juu ya wimbo ule, bibi anabariki.

Nilimwita shangazi peke yake. Alipoona weusi pembeni ya picha aliuliza kwa nini nimeikata, na kabla sijamaliza kueleza alikuwa amenyamaza, amesogea mbele ya kochi.

"Eeh," alisema. "Huyu ndiye."

Kisha upepo. Kijana wa studio hakudanganya, upepo ulikuwa mwingi, ule wa Agosti unaopiga kwenye kipaza sauti kama mtu anayekung'uta mkeka. Chini yake ngoma kwa mbali, mtoto analia, na katikati ya hayo yote sauti ya bibi, kavu, ya juu kuliko nilivyoikumbuka, ikisema kwa Kigogo. Chini ya picha, katika eneo ambalo studio ilikuwa imelikata ili kuuficha ule mstari wa chenga, na wakakata kupita kiasi, kulikuwa na ukingo wa turubai lililoanikwa uwele, na kuku watatu.

Shangazi alianza kucheka kabla yangu, kwa sababu Kigogo chake kina kasi kuliko changu. Kwa Kiswahili bibi alikuwa anasema hivi: "Wewe na hiyo mashine yako! Kuku wanamaliza uwele na wewe unanitazama tu?" Baada ya hapo picha inayumba, inaelekea ardhini, na viatu vya baba mdogo vinaonekana vikikimbia.

Tulirudia mara sita. Kwa kuwa sasa lilikuwa faili na si mkanda, niliirudisha nyuma bila woga.

Shangazi alifuta macho kwa ncha ya khanga akaniuliza kama binti yake amekwisha kuiona hii. Nilimjibu kwamba bado, faili lenyewe ni gigabaiti 13 na intaneti yangu ni ya kubahatisha.

"Basi iache kwanza, mwanangu," alisema. "Tafuta intaneti nzuri, taratibu."

Bado natafuta.